Kitawala ya Masisi na Kitabu Tulichokificha



Jioni moja, baada ya sala ya shirika, kijana mmoja aliyekimbia vita toka Masisi alibaki nyuma wakati wenzake wakikunja mikeka. Akaniambia, «Mwalimu, mimi nimechoka na dini. Dini ni kazi ya wakubwa. Kila mmoja ana kanisa lake na mfuko wake.» Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa hajamaliza. Akasema tena, «Lakini Kitabu chenyewe hakidanganyi. Angalia Ufunuo, sura ya sita: robo ya watu wa dunia watakufa kwa upanga na njaa. Ndio sisi. Hesabu miaka wewe mwenyewe, utaona.»

Nilirudi nyumbani nikiyafikiri maneno hayo, kwa sababu yalitoka katika kinywa kimoja. Kijana huyu hamwamini padri, hamwamini mchungaji, wala haniamini mimi. Lakini aiamini kila herufi ya karatasi iliyochapwa, kana kwamba ilianguka toka mbinguni usiku wa jana. Watu wengi hudhani kwamba kulitilia Kanisa shaka na kuyashika Maandiko kwa herufi ni mambo mawili yanayopigana. Huku kwetu ni ndugu wa tumbo moja, na mwaka walipoonekana pamoja twaujua: ni 1944.

Wazee wa Masisi, wa Walikale na wa Lubutu walisikia habari hiyo toka kwa baba zao. Mwezi wa Februari mwaka ule Wakumu waliinuka juu ya Leta ya Kibeleji, wakiongozwa na Bushiri Lungundu, mtu wa dini ya Kitawala. Bushiri alijiita Mukombozi, na wafuasi wake walimhesabu kuwa ameshika mahali pa Yezu. Wazungu wachache waliuawa. Kisha askari wa Leta wakaingia msituni, na watu weusi waliouawa walikuwa wengi kupita Wazungu mara nyingi sana.

Maurice Lovens aliyaandika mambo hayo kwa Kifaransa mwaka 1974. Na mwaka 2023 mwanahistoria Nicole Eggers ametoa kitabu juu ya Kitawala katika Kongo, tangu wakati wa wakoloni hata siku zetu, jina lake Unruly Ideas. Ni kwa Kiingereza, nami nalikisoma polepole kama mtu anayevuka mto wenye mawe. Eggers hakutosheka na karatasi za Leta. Aliwaendea Wakitawala wenyewe akawasikiliza, na hilo peke yake lampasa sifa. Aliwahi pia, mwaka 2015, kuandika juu ya maasi yale ya 1944, akionyesha jinsi mambo ya uponyaji na mambo ya kupiga na kuua yalivyoshikana. Sina ugomvi naye. Ila mimi ni mwalimu wa dini, na mwalimu wa dini akisoma habari hizi hana budi kuuliza swali lake mwenyewe: watu hawa walisomaje Kitabu, na ni nani aliyewafundisha kusoma hivyo?

Kwanza tujue Kitawala ilitoka wapi. Jina ni neno la Kiingereza «tower», yaani mnara, lililovalishwa nguo za kwetu. Na kwa kuwa masikio yetu yalisikia ndani yake neno kutawala, likapata nguvu ambayo mwenye jina hakuikusudia. Mnara wenyewe ulikuwa wa Marekani, katika vitabu vya Charles Taze Russell na watu wake. Wao walipiga hesabu kwa miaka na siku za Danieli na za Ufunuo, wakapata mwaka 1914 kuwa mwisho wa falme za dunia. Mwaka 1914 ulipopita, walipiga hesabu nyingine: kijitabu chao cha mwaka 1920 kilisema kwamba Abrahamu, Isaka na Yakobo watarudi duniani mwaka 1925. Huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, Elliot Kamwana alikuwa amekwisha kubatiza maelfu kabla Waingereza hawajamhamisha mwaka 1909. (Ni haki kuongeza kwamba Mashahidi wa Yehova wa leo hawakubali kuwa Kitawala ni yao.)

Mafundisho hayo yalipanda toka kusini pamoja na watu wa kazi za migodi. Katika njia hiyo alitokea Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa. Yeye mwaka 1925, katika Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, alibatiza watu kwa kuwazamisha, na wale waliodhaniwa kuwa wachawi aliwaacha chini ya maji hata wakafa. Alinyongwa mwaka 1926. Simtaji ili kuwatia Wakitawala wote doa lake. Namtaja kwa sababu ni yeye aliyechukua neno lisemalo kwamba asiyeamini atahukumiwa, akalitimiza kwa mikono yake mwenyewe. Na Leta ya Kibeleji, ilipoona dini hii yaenea, ilifanya jambo ambalo hata mtoto angelikataa: iliwashika wahubiri ikawapeleka uhamishoni mbali na kwao. Kule walikopelekwa wakahubiri.

Sasa tutazame hali ya watu wa msitu waliousikia ujumbe huo. Ilikuwa vita vya pili vya dunia. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima zilipandishwa toka 60 hata 120 kwa mwaka. Mpira wa porini ulitakiwa tena, dhahabu ilitakiwa, barabara zilitakiwa, na kodi haikusamehewa. Kapita alikuwa na fimbo, na nyuma ya kapita palikuwa na chikoti. Mtu huyo akija jioni na mgongo unaouma, akasomewa kitabu cha Kutoka, habari za Waisraeli walioamriwa kufyatua matofali bila kupewa majani, mwataka asikie nini? Alisikia habari zake mwenyewe. Nami nasema wazi kwamba hapo alisoma vizuri kuliko sisi. Sisi walimu tulikuwa tunamfundisha kwamba Farao alikaa Misri zamani sana.

Maana Kanisa lilikuwa wapi? Hili ndilo swali la kijana wangu wa Masisi, na ndilo lililoulizwa na Wakumu. Mwaka 1906, tarehe 26 Mei, Kiti Kitakatifu kilipatana na Leta ya Mfalme Leopold: kila misioni ipewe shamba la hektari 100 au 200, na misioni zifungue shule ambazo Leta itazitazama. Faida ilikuwa kubwa, sikatai. Mimi nisingejua kuandika bila shule hizo, wala baba yangu. Lakini mwanakijiji aliyeona padri na bwana administrateur wakila meza moja hakuhitaji kitabu cha Marekani kumwambia kwamba dini na kodi zinajuana. Maaskofu wa Kongo walipotamka, mwaka 1956, kwamba wenyeji wana haki ya kushiriki katika mambo ya nchi yao, walisema neno jema; na miaka 12 ilikuwa imepita tangu makaburi ya 1944.

Basi nikimsikia mtu akisema dini ni shirika la wakubwa, siwezi kumwambia kwamba amedanganywa na adui. Ana ushahidi. Nitamwambia tu kwamba ushahidi wake haukukamilika, kwa kuwa katika Kivu hii hii Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, ambaye alipaza sauti kwa ajili ya raia na wakimbizi, aliuawa mwaka 1996, tarehe 29 Oktoba. Naye alikuwa mtu wa shirika lenye mpango na wakubwa wake. Lakini sitaki kuendelea na hesabu ya wema na wabaya. Hesabu hiyo haina mwisho, na kila upande hubaki na wafu wake.

Nirudi kwa Kitabu. Katika sehemu nyingi za Kongo watu waliamini kwamba Wazungu wameficha ukurasa wa Biblia, au wameficha Biblia ya kweli, wakatupa sisi nakala iliyopunguzwa. Seminarini tulikuwa tukicheka habari hiyo. Siku hizi sicheki tena.

Ukurasa haukung'olewa. Sura ni zile zile kwa Kilatini, kwa Kigiriki na kwa Kiswahili, nawe waweza kuzilinganisha. Lakini tazama miaka. Waprotestanti walikuwa na Biblia nzima kwa Kiswahili tangu 1891. Biblia nzima ya Kikatoliki kwa Kiswahili, ile ya Ndanda na Peramiho katika Tanzania, ilitoka katika miaka ya 1960. Kwa muda wa miaka 70 na zaidi Mkatoliki wetu alipewa katekismu: swali, jibu, kwa moyo, bila kukosa neno. Alipewa pia Historia Takatifu yenye picha, ambamo Adamu na nyoka, safina ya Noe, samaki wa Yona na msalaba wa Yezu vilifuatana kama vituo vya barabara moja, vyote kwa sauti moja. Hakuambiwa kwamba vitabu vya Biblia ni vya namna nyingi. Basi alipokutana mwishowe na Biblia yenyewe, mkononi mwa mhubiri wa Kitawala au wa kanisa la uamsho, aliisoma kama alivyofundishwa na sisi: swali moja, jibu moja. Sisi ndio tuliomfundisha kusoma kwa herufi. Mhubiri alimwongezea tu sura tulizomnyima.

Na jambo linaloniumiza zaidi ni tarehe. Tarehe 30 Septemba 1943 Baba Mtakatifu Pio XII alitoa barua Divino Afflante Spiritu. Humo aliwataka wataalamu wa Kanisa wachunguze namna za kusema za watu wa kale, wajue kama mwandishi aliandika historia, au shairi, au mfano, kwa kuwa watu wa Mashariki ya zamani hawakusema kama sisi tunavyosema. Miezi mitano haikupita, msitu wa Masisi na Lubutu ukawaka. Sidai kwamba barua ingaliuzima moto ule; mtu aliyefanyishwa kazi siku 120 hapozwi na elimu ya mashairi ya Kiebrania. Lakini ufunguo ulikuwa umekwisha kutolewa, nao ukakaa mezani pa maprofesa. Mtaguso wa Vatikano wa Pili uliurudia mwaka 1965 katika hati Dei Verbum, ukisema kwamba Maandiko yanafundisha bila kosa ukweli ule ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Mwaka 1993 Tume ya Kipapa ya Biblia ikakemea kwa ukali usomaji ule unaokataa kuuliza. Na mwaka huu, katika shapeli nyingi ninazozijua, mtoto anayeuliza bado anaambiwa anyamaze.

Nimesema nyingi, lakini mtoto mmoja nilimnyamazisha mimi.

Seminarini nilisoma, kwa Kifaransa, maelezo yaliyo chini ya kurasa za Biblia ya Yerusalemu. Nilijifunza kwamba sura ya kwanza ya Mwanzo na sura ya pili zasimulia uumbaji kwa njia mbili, wala hazipatani katika utaratibu wa siku na viumbe. Niliandika mtihani juu ya jambo hilo nikapata alama nzuri. Kisha nikarudi nyumbani, nikawa mkatekista. Siku moja msichana wa mwaka wa tano shuleni aliniuliza: «Mwalimu, kama jua liliumbwa siku ya nne, zile siku tatu za kwanza asubuhi zilikuja namna gani?» Swali hilo lina umri wa Mababa wa Kanisa, Augustino mwenyewe alihangaika nalo. Nami nilijua jibu. Nilijua kwamba ile ni kama wimbo wa juma moja la Mungu, uliotungwa ili watu wasiabudu jua kama walivyofanya majirani. Nikamwambia kwamba imani haiulizi mambo ya saa. Wenzake wakacheka. Sikumwambia jibu kwa sababu wazee wa shapeli walikuwa wameketi nyuma, nami niliogopa watasema kwamba seminari imeniharibu. Sasa niambieni, ni nani aliyeficha ukurasa?

Huyo Augustino ndiye nimtajaye kila mara vijana wanapokuja na mashaka, kwa kuwa alikuwa Mwafrika wa Thagaste, katika Algeria ya leo, na alikuwa mwenye shaka hasa. Kwa miaka mingi aliikimbia imani ya mama yake. Sababu moja ilikuwa hii: alidhani Wakatoliki wanafundisha kwamba Mungu ana mwili kama wetu, na kwamba visa vyote vya Agano la Kale ni vya kumezwa kama vilivyo, hata vile vinavyochukiza akili. Kusoma kwa herufi ndiko kulikomtoa nje. Akafika Milano, akaketi chini ya mimbari ya Askofu Ambrosio kwa ajili ya kusikiliza ufundi wa kusema tu, akashangaa kusikia Maandiko yale yale yakifunguliwa maana iliyo ndani. Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa. Baadaye aliwaonya Wakristu wanaobishana juu ya nyota na wanyama kwa aya za Biblia mbele ya wapagani wenye elimu: hao wakikuta tumekosea katika mambo wanayoyajua, watatusadikije tukisema juu ya ufufuko wa wafu?

Tena, si lazima kwenda Milano. Katika Injili ya Yohane, Nikodemo asikia habari ya kuzaliwa mara ya pili, auliza kama mtu mzima aweza kurudi tumboni mwa mama yake. Mwanamke wa Samaria asikia habari ya maji ya uzima, afikiri juu ya ndoo na kamba. Bwana wetu hakuwacheka. Aliwachukua hatua kwa hatua toka neno hata maana. Hivyo kazi ya kutoka katika herufi haikuletwa na maprofesa wa Ulaya. Imo ndani ya Injili.

Mkatekista mmoja mzee, ambaye namheshimu kama baba, alinipinga nilipomsomea maneno haya kabla ya kuyapeleka kwa mchapaji. Alisema, «Mwanangu, ukivuta uzi mmoja wa kikapu, kikapu chote chafunguka. Leo wasema samaki wa Yona ni mfano. Kesho watakuambia kaburi tupu ni mfano. Utawazuia kwa kitu gani?»

Ni hoja yenye nguvu, wala siwezi kuiruka. Nimeona mseminari aliyeingia na imani ya bibi yake akatoka hana ya bibi wala ya mwalimu. Lakini tulinganishe. Kitabu cha Yona hakitaji mfalme wa Ninawi kwa jina, hakitaji mwaka, na hata ng'ombe wa mji ule wafunga na kuvaa magunia; msimulizi mwenyewe atukonyeza jicho. Paulo, akiwaandikia Wakorinto juu ya ufufuko, ataja Kefa, ataja Yakobo, ataja watu zaidi ya mia tano, asema wengi wao wangali hai, maana yake nendeni mkawaulize. Hayo ni maneno ya mtu anayeita mashahidi barazani. Mkulima wetu asiye na shule ajua vizuri kutofautisha hadithi ya sungura na kesi ya shamba. Akisikia ya sungura hacheki kwamba sungura hawezi kusema, na akisikia kesi hakubali wimbo. Tukimwambia kwamba Biblia nayo ina namna hizo, ataelewa upesi kuliko mtu wa mjini. Mzee aliguna. Sijui kama nilimshinda, maana aliniomba chumvi tukaacha.

Wala sisemi kwamba herufi ni mbaya kila mahali. Antoni wa Misri aliingia kanisani akasikia Injili ya kijana tajiri, akatoka akagawa mashamba yake siku zile zile. Alilishika neno kwa herufi kabisa, nasi twamwita mtakatifu. Ila aliligeuza juu ya mali yake mwenyewe. Aogopwe mtu ambaye herufi yake humwangukia mwingine sikuzote.

Hapo ndipo naona kosa la Bushiri, si pale alipomsikia Mungu akiwasikiliza wanaopigwa. Alipomweka mtu mmoja mahali pa Yezu, na kuupa ukombozi siku na jina, hapakubaki mtu wa kumuuliza tena neno lolote. Waliokataa uongozi wa misioni walipata uongozi mwingine usioulizwa kabisa. Leo, katika makanisa madogo yanayoota kandokando ya kambi za wakimbizi, naona jambo lile lile. Mtu asema dini zote za zamani ni shirika la Wazungu, kisha ampa nabii wa juzi fungu la kumi la mchele wa msaada.

Na watu wa kuwasikiliza hawakosi. Masisi na Walikale zimepigana tangu mauaji ya soko la Ntoto, Machi 1993. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini, kisha Goma. Mwezi wa Machi wakafika Walikale, wakaondoka baada ya majuma machache. Mtu aliyekimbia mara sita hahitaji kuambiwa kwamba mwisho wa dunia u karibu. Ameuona ukipita mbele ya nyumba yake na bunduki.

Kwa hiyo nilimwita kijana wangu siku ya pili. Sikumwambia kwamba asisome Ufunuo. Tuliketi na wenzake wanane, tukausoma polepole toka mwanzo. Niliwaeleza kwamba Yohane aliwaandikia Wakristu wa Asia waliokuwa chini ya dola la Roma. Kwamba wapanda farasi wanne walikuwa mambo waliyoyaona kila siku, vita, njaa ya bei ya ngano, na tauni. Kwamba wataalamu wengi husoma katika hesabu ya mnyama jina la Kaisari Nero. Wakasikiliza vizuri sana. Kijana akafunga Biblia, akaweka kidole ndani ili asipoteze ukurasa.

«Sawa, mwalimu. Mnyama wao alikuwa Nero. Na wetu ni nani?»

Mmoja akataja majirani wa mashariki. Mwingine akataja Kinshasa. Msichana mmoja akasema bati na dhahabu, nao wakaanza kubishana kwa nguvu hata mvua ikatukuta. Nimewaambia waje tena Alhamisi, na kila mmoja alete sababu zake.